Kinu cha Bibi Nungunungu

Bibi Nungunungu alipoanza kusahau, Tausi, mwenyekiti wa kamati, aliibomoa nyumba yake, akamjengea mpya palepale, na kinu kikuukuu cha mlangoni akakitupa. Tangu hapo Bibi akawa anaipita nyumba yake na kupotelea porini. Kamati ikaamua kuanzia kesho afungiwe ndani.

"Mheshimiwa, mmemuuliza mwenyewe?" akasema Panya, jirani yake.

"Tumuulize nini? Si anasahau?"

Panya akakitoa kinu jalalani, akakirudisha mlangoni. Bibi akakiona, akakipapasa, akaingia ndani moja kwa moja.

Tausi akaitisha mkutano, akajisifu kwa ubunifu wake, akaagiza kila mlango kijijini uwekwe kinu, wa kwake kwanza.

Jioni alipofika nyumbani alimkuta Bibi amejilaza kitandani, miiba imetoboa godoro.

"Bibi, hapa si kwako!"

"Kinu si kile pale mlangoni?" Bibi akamtazama kwa huruma. "Maskini mjukuu wangu, na wewe umeanza kusahau? Usijali. Nitamwambia mwenyekiti akufungie ndani, usije ukapotea."