Mgeni wa Shemeji

Mkaguzi wa kazi alipobisha hodi, shemeji alininyofoa kitambulisho shingoni kwa nguvu hadi kamba ikanichana sikio.

"Ukiulizwa, wewe ni mgeni wangu," alininong'oneza. "Umekuja kunisalimia."

Wenzangu walishapitishwa mlango wa nyuma. Mimi na tumbo langu tulichelewa.

Shemeji, mdogo wa mume wangu, ndiye wakala wa kampuni ya ng'ambo tunayoifanyia kazi. Sheria inamtaka atuandikishe kama waajiriwa, lakini yeye anatuita vibarua, hata mimi niliyekuwapo tangu ofisi ifunguliwe. Nilipomwomba likizo ya uzazi alicheka. "Kibarua hana likizo, shemeji. Ukienda kuzaa, usirudi."

Mkaguzi aliingia, mama mtu mzima mwenye miwani. Alizitazama kompyuta zilizoachwa zikiwaka, kisha akanitazama mimi.

"Na huyu?"

"Mke wa kaka yangu. Amepita tu kunijulia hali."

Sikio lilikuwa linaniwaka. Damu ilinichuruzika shingoni ikaingia kwenye kola, na mama yule akaifuata kwa macho hadi ilipoishia.

"Unafanya kazi hapa, mwanangu?"

"Mjibu, shemeji," shemeji alisema akitabasamu kwa meno tu. "Na umwambie nyumba mnayolala ni ya nani."

Nilimfikiria mume wangu, na vyombo vyetu vikitupwa nje. Mtoto akanipiga teke.

Nilivuta kiti, nikamsogezea mkaguzi.

"Keti, mama," nilisema. "Maneno yenyewe ni marefu."