Majitu Yanamgombea Mama

"Usiguse hiyo miguu ya vifaru vya vita," mama alimnong'oneza kitinda mimba wake. "Chukua ile myembamba."

Wanawe wawili walikaa bega kwa bega mbele ya mashine ya gemu, kila mmoja akiliunda jitu lake la chuma: kwanza miguu, kisha kifua, kisha silaha. Nje, gari la mizigo lilikuwa limeshafika. Ukumbi wa gemu wa mama ulikuwa umeuzwa, pamoja na mashine zake na kile chumba cha nyuma alicholala miaka thelathini.

"Mama, gemu ndiyo itakayoamua utakaa kwa nani," walikuwa wamemwambia asubuhi.

Moyo ulimjaa pomoni. Madume mazima yenye ndevu, yanamgombea! Wangapi wamezaa, wakatupwa kama ganda la muwa?

Lakini mzazi naye ana chaguo lake, hata akikana. Kwa mkubwa kulikuwa na yule mkewe, aliyemhesabia mkwewe, kila alipowatembelea, hata kata za maji ya kuoga na kutia jiko kufuli kila alipotoka. Kwa mdogo kulikuwa na vicheko, na dirisha linalotazama barabara.

"Na mimi je, mama?" mkubwa aliuliza bila kugeuka. "Nivae ngao ipi?"

"Ile nene, mwanangu. Na mzinga mkubwa kuliko yote."

"Ahsante, mama."

Mama alijifanya anafuta vumbi kwenye ukingo wa mashine. Kile kioo alikipangusa kila alfajiri. Hakuna asichokijua humo. Jitu zito halivuki daraja la tatu.

Safari ikaanza, kushoto kwenda kulia. Jitu la mkubwa lilitembea kama tembo aliyeshiba, mzinga wake ukifumua ndege za adui mbili mbili. La mdogo lilirukaruka kama panzi.

"Unapigana au unamkimbia mkeo?" mkubwa alimtania.

"Cheka tu, mzee mzima. Utalia sasa hivi."

Mama alisimama nyuma yao, mikono kifuani. Alijua akihamia kwa mkubwa, hatatoka tena ila kwa kubebwa.

Daraja la tatu likatokea. Vipande vya zege vikaanza kuporomoka kimoja kimoja. Kitinda mimba akabonyeza, jitu lake likaruka, likatua ng'ambo. La mkubwa likapiga hatua moja. Ya pili. Ya tatu, daraja likafumuka, jitu likadidimia na ngao yake nene na mzinga wake, mpaka kichwa. Upande wake wa kioo ukawa mwekundu.

Mama alijiziba mdomo kuzuia kigelegele. Alikuwa amejitanda mtandio tangu asubuhi, na begi lake alilifunga mwenyewe. Akaliburura hadi ubavuni kwa kitinda mimba, akaliweka hapo.

Kitinda mimba aliruka kutoka kitini, akamkumbatia hadi nyayo zikaacha sakafu.

"Mungu akuweke, mama! Kama si wewe, nilikuwa nimekwisha!"

Akamshusha polepole. Kisha, kwa ncha ya kiatu, akalisukuma begi kuelekea kwa kaka yake.

"Haya kaka, tulivyokubaliana. Aliyekufa ndiye anayembeba mama."