Herufi Zenye Miguu

"Ziwekee miguu," Chepngeno alisema. "Herufi bila miguu inasukumwa na upepo."

Micah alicheka, brashi mkononi. Alikuwa ameshachora kwa penseli kwenye bati jeupe herufi nyembamba, tupu, zile zinazopendwa na saluni za mtaa wa Kaptembwo.

"Mathe, hizo za miguu ni za kizamani. Siku hizi naziandika makaburini na kwa mabango ya kanisa tu."

"Na umeona nani akibishana na kaburi?"

Micah akafuta, akaanza upya. PLOTI HII HAIUZWI. Kila H ikapata mihimili miwili minene, kijiti chembamba katikati, na chini vikanyagio vipana, ikae kama mtu aliyekataa kufukuzwa. Hata aliye ng'ambo ya barabara angeisoma.

Chepngeno alikuwa anasokota ncha ya leso. Alikuwa ameenda Kericho kwa binti yake kutibiwa goti, na huku nyuma broka akaanza kuonyesha watu ploti yake kama ya babake. Jirani ndiye alimpigia simu.

"Mzee wangu aliniachia hiyo tu," alisema. "Ikienda, nitazikwa wapi mimi?"

"Haiendi, mathe. Tulia."

Ili atulie, Chepngeno akatega kitendawili. "Askari wangu hawali, hawalali, lakini mwizi akiwaona anageuka."

"Herufi!" Micah akajibu, akichovya brashi. "Lakini mimi nalaumu hata wanunuzi. Mtu anaonyeshwa shamba mbio mbio, anatoa pesa, hata jirani hajamuuliza. Tamaa tu!"

"Usiwacheke, kijana. Pengine ni mtu amechoka kukodisha."

"Hata mimi nimechoka. Mwezi ujao nahamia kwangu. Jina langu nitaliandika langoni kwa hizi hizi zako za miguu."

"Mungu akubariki."

Rangi ilipokauka walipanda boda boda, bati limefungwa kwa gunia, Chepngeno akielekeza njia. Micah alimchekesha mpaka barabara ya Njoro. Walipokata kona ya posho mill, pale pa kusagia unga, akanyamaza. Chepngeno akadhani ni vumbi.

Pikipiki ikasimama. Mama wa watu akashika kichwa.

"Uuwi! Wameshaingia! Ona fensi!"

Kweli, ploti ilikuwa imezungushwa posti mpya na seng'enge inayong'aa. Chepngeno akachechemea hadi posti ya pembeni, akaipiga kofi.

"Leta nyundo, kijana. Bati likae hapa hapa, wakija walione kwanza."

Micah hakusogea. Bati lilikuwa limemuegemea kifuani.

"Micah! Unangoja nini?"

Posti hiyo ya pembeni, Jumamosi iliyopita, mke wake ndiye aliyeishikilia isimame wima, Micah akishindilia udongo kwa miguu, wote wawili wakiimba.