Nitakosea Mwenyewe

"Polepole, mama. Hii iko kipanya, si jembe la kijijini kwenu Masaka."

Wafanyakazi wenzake wakacheka kwa maneno hayo ya fundi. Gahongayire naye akajilazimisha kutabasamu, huku mshale ukimkimbia kwenye skrini kama kuku asiyetaka kushikwa. Ofisi nzima hapo Kigali ilimjua kwa kupiga taipureta bila kutazama vidole. Lakini mwaka huo wa 1991 taipureta zilikuwa zinaondolewa, na bosi alikwisha kusema kwamba atakayeshindwa na kompyuta atapewa ufagio.

Fundi aliyeletwa kuwafundisha hakuwa na subira. Aliinama nyuma ya Gahongayire, akaufunika mkono wake kwa kiganja chenye jasho, akaanza kuusukuma huku na huku.

"Unaona? Hata mtoto wangu wa chekechea anaweza."

Safari hii hakuna aliyecheka. Pete ya fundi ilikuwa ikimkwaruza kidole. Gahongayire aliutazama ule mkono mzito uliolala juu ya wake.

"Toa mkono, mwalimu."

"Nakusaidia, mama."

"Utoe. Nitakosea mwenyewe."

Fundi akautoa. Akacheka kidogo, akiwatazama wengine wamuunge mkono, lakini wote walikuwa wameinamia mashine zao.

Gahongayire akajifuta kiganja kwenye sketi, akakishika tena kipanya. Akabonyeza. Kompyuta ikalia kuwa amekosea. Akabonyeza pengine, ikalia tena, kali zaidi masikioni mwake. Hakugeuka nyuma. Alivuta kiti mbele, akabonyeza.