Kifuniko cha Tangi

Kamba alikuwa anaoza vizuri. Fundi friji aliinama, akachungulia kiooni, akaona mkia umeanza kumenyuka, akashusha pumzi. Tangi zima la maji ya chumvi, pampu inakoroma, taa inawaka kama ukumbi wa harusi, na ndani hamna kiumbe ila huyo mmoja, aliyenunuliwa akiwa ameshakufa.

"Ndivyo inavyotakiwa," alimwambia bintiye. "Maji mapya ni sumu. Lazima kitu kioze kwanza, vijidudu vya kuyasafisha vizaliwe, ndipo samaki aweze kuishi."

Mtoto aliitikia kwa kichwa, akarudi chumbani kwake.

Zamani angemtoa baba jasho kwa kuuliza. Mama yake ndiye aliyembandika jina la Maswali, na jina likamganda. Tangu mama azikwe, Maswali hakuuliza hata chakula kiko wapi. Baba alijua kuifufua friji iliyotupwa jalalani, lakini mtoto aliyenyamaza huwezi kumfungua kwa nyuma ukaangalia waya gani umekatika. Maua ya marehemu yalikuwa yameshakauka dirishani. Nywele za mtoto alizisuka mwenyewe kila asubuhi, na kila msuko ulielekea ulikotaka. Tangi hili lilikuwa karata yake ya mwisho.

Alilitunza kama mgonjwa. Alipima chumvi, akapima joto, na maji yalipopungua akajazia maji matupu yaliyochujwa, kwa sababu muuzaji alishamkanya kwamba maji hupaa lakini chumvi hubaki. Usiku alilala sebuleni ili aisikie pampu.

Kamba alipokwisha na vipimo vikatulia, walikwenda dukani pamoja. Muuzaji aliwatolea samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe.

"Huyu mkubwa ndiye jike, mwenye nyumba," alisema. "Mdogo ni dume, kazi yake kufuata amri. Na tangi mlifunike, hawa wana tabia ya kuruka nje."

"Mkubwa akifa?"

Baba aligeuka. Sauti ilikuwa ya Maswali.

"Akifa, mdogo hunenepa, akageuka jike. Anakuwa mama yeye." Muuzaji alicheka huku akifunga mifuko. "Sisi wanaume wa nchi kavu tukiachwa tunakonda tu."

Baba naye alicheka, kicheko cha mdomoni tu. Hakupenda habari za kufa zitajwe mbele ya mtoto. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa mwepesi, maana mtoto ameuliza.

Wepesi huo haukudumu. Jumapili dada yake alikuja. Aliitazama sufuria iliyoungua, akazitazama nywele za mtoto, akamtuma chumbani akacheze.

"Kaka, tusidanganyane. Mtoto wa kike anahitaji mama."

"Mimi ni baba yake, dada."

"Ndiyo, baba. Mama huwezi kuwa, hata ujipinde vipi. Jumamosi nakuja kumchukua, akakae na wenzake kwangu."

"Nipe muda kidogo. Ameanza kuuliza maswali."

"Muda gani?"

Fundi aliichukua ile sufuria, akaanza kuikwangua. Dada yake hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuumiza. Alipomsindikiza aliona mlango wa chumbani kwa mtoto uko wazi kidogo, akausukuma ukafungika.

Ijumaa alirudi kutoka kazini na paketi ya chakula cha samaki mfukoni. Jirani alikuwa ameshamfungulia mtoto mlango, begi la shule limelala kochini. Kifuniko cha tangi kilikuwa kimesogea upande mmoja. Ndani, yule samaki mdogo alizunguka peke yake.

Yule mkubwa, baba alimkuta sakafuni nyuma ya meza, amekauka, amegandwa na vumbi.

Alijaribu kukumbuka asubuhi. Aliwalisha mbiombio, chanuo mkono wa pili, simu inaita. Alifunika? Alidhani alifunika. Lakini hata jiko, siku ile sufuria ilipoungua, alidhani amelizima. Alimwokota samaki kwa leso, na hapo akaona dada yake hakukosea. Mikono yake ilikuwa ya kurekebisha vyuma. Chenye pumzi kikiingia mikononi mwake, kilikuwa kimekwisha. Kesho mtoto angeondoka, na yeye mwenyewe angemfungia sanduku, kwa sababu ndiyo iliyokuwa haki.

Aliketi sakafuni akalia, kilio ambacho siku ya mazishi kilikataa kutoka.

Maswali alitokea jikoni. Mkononi alishika ule wavu mdogo wa samaki, umeoshwa, unachuruzika maji. Aliutundika kwenye msumari wake, akavuta kigoda mpaka karibu na kioo.

"Nisamehe, mwanangu," baba alisema. "Nilisahau kufunika. Nimemuua mimi."

"Hukusahau, Baba."

Alimwekea kiganja kichwani, kama mama yake alivyozoea kumfanyia yeye. Kilichomo kwenye leso hakukitazama. Macho yalikuwa kwa yule mdogo.

"Nyamaza, tumwangalie huyu anachukua siku ngapi kuwa mama. Shangazi akiuliza tena muda gani, tutamjibu."