Mfupa Haujashika

Kila asubuhi bibi alimwombea mumewe apone, ila asipone upesi.

Aliomba kimoyomoyo, kwa aibu, huku akimkorogea uji usiwe na madonge. Mzee alikuwa mpiga tarumbeta. Jino lake la mbele, lililotibiwa mzizi zamani, lilikuwa limetunga usaha upya. Safari hii daktari wa meno alipasua ufizi, akakata ncha ya mzizi, akasafisha, kisha tundu lililobaki kwenye taya akalijaza chembechembe za mfupa.

"Ni kama kichanja cha mmea utambaao," aliwaeleza wote wawili. "Mfupa wako mwenyewe utatambaa humo mpaka ushike. Kabla ya hapo, Mzee, tarumbeta uitazame kwa macho tu."

Tangu waoane, jioni za mzee zilikuwa za bendi. Alikuwa akirudi bibi ameshalala. Sasa alishinda nyumbani. Alimtungia uzi kwenye sindano kabla hajaombwa. Alimsomea gazeti, hata matangazo ya vifo, kwa sauti ya mtu anayetangaza mpira. Walichambua mchele pamoja, yeye akitupa mchele na kubakiza mawe, bibi akinyamaza asimvunje moyo.

Kila siku ya kupigwa picha ya taya, bibi alisubiri kwenye benchi, nje ya mlango. Mzee alitoka akitikisa kichwa.

"Bado?"

"Bado, mama watoto. Haujashika."

"Pole, mume wangu," alisema bibi, akiviangalia viatu vyake ili uso wake usionekane.

Alimpondea kila kitu, hata ndizi. Siku moja alikuta nyuma ya kabati gunzi la hindi, limegugunwa safi, mstari kwa mstari. Akawalaumu panya.

Halafu kiongozi wa bendi akaja. Hakusubiri hata chai.

"Mzee, watu wanatucheka. Bendi bila wewe ni gari bila honi. Mwisho wa mwezi usipopanda jukwaani, natafuta mwingine."

Mzee alilitazama kasha la tarumbeta juu ya kabati, kisha akauinamia mchele. Bibi akauona mgongo ule ulivyopinda, na roho ikamsuta. Kumbe yeye ndiye anayeuzuia mfupa wa mwenzake kwa dua!

Kesho yake alijifunga kitambaa kichwani, akaenda kwa daktari peke yake.

"Mwanangu, mfupa wa mume wangu haushiki kwa sababu yangu. Nimekuwa nikiomba uchelewe, nipate kukaa naye. Nimeacha. Kama kuna chembe nyingine za kumwongezea, mwongezee. Hata za kwangu chukua."

Daktari aliitafuta picha, akaiinua kwenye mwanga. Akaitazama, akamtazama na bibi.

"Mama, huu ulishika zamani. Nilimruhusu apulize tangu picha ya pili. Akanisihi nisikwambie."

Bibi alirudi polepole. Mzee alikuwa amekaa mlangoni, sinia la mchele magotini.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari."

Mkono wa mzee ukasimama ndani ya mchele.

"Kasemaje?"

Bibi akavuta kigoda, akaketi karibu naye.

"Kasema bado."