Ishara ya Kuondoka

Programu ilikataa kufa.

Fundi wa kompyuta aliituma tena ishara ya kuondoka, ile ya upole inayoipa programu nafasi ya kuaga. Kimya. Makontena mengine yote, vyumba vya programu katika seva ile kuukuu, yalikwisha kufungwa. Lilibaki hili moja, nalo lilikuwa lake.

"Dada, hilo limegoma kama punda," msimamizi alitania kutoka mlangoni. "Si wewe unayetufundisha kila siku? Namba moja hasikii..."

"...mpaka afundishwe kusikia," fundi alimalizia.

Kanuni hiyo aliijua kama anavyolijua jina lake. Seva ni mithili ya nyumba ya kupanga: kiini kimoja cha mfumo huwahudumia wapangaji wote, lakini kila programu imo chumbani mwake, haijui kama jirani yupo. Iliyotangulia kuingia humo ndiyo namba moja, na kiini huilinda. Ishara ya upole huipita kama upepo, isipokuwa mwandishi wake awe ameiandikia namna ya kuipokea.

Yeye hakuiandikia. Hakutaka siku ya kuaga ifike.

Kila jioni programu hiyo ilimpelekea mama yake ujumbe kwa jina la kaka yake aliyekwenda ng'ambo kutafuta kazi: "Shikamoo, mama. Leo nimeshinda salama." Kaka alikwisha kufariki katika hospitali ya huko, iliyompigia fundi simu kumpa habari, akazikwa huko huko. Moyo wa mama ulikuwa dhaifu, na daktari alikuwa ameonya juu ya habari za ghafla. Fundi akaficha msiba, akaandika programu.

Na mama alijibu kila mara: "Marahaba, baba. Usimsahau dada yako." Hakuwahi kuuliza mwanawe atarudi lini. Hakuwahi hata kuomba kuisikia sauti yake.

"Tuihamishie seva mpya," fundi alisema.

"Tunahamisha za kazi tu. Hiyo inafanya nini?"

"Inatuma salamu."

"Salamu tu?" Msimamizi alicheka, kisha akauona uso wake. "Lisilo budi hutendwa, dada."

Ilibaki ishara ya mwisho, ile inayotumwa kutoka nje ya chumba, isiyopokelewa wala kujibiwa. Fundi alipiga moyo konde, akaituma. Programu ikakatika bila neno, kama alivyokatika kaka yake.

Njiani alipanga uongo: mtandao umesumbua, simu imepotea, kaka yuko safarini. Nyumbani alimkuta mama ameketi dirishani, simu mapajani. Akaketi kando yake. Saa ya salamu ikafika, ikapita. Giza likaingia chumbani na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

"Leo hakuandika," mama alisema.

"Labda ni mtandao, mama. Unajua tena huko aliko..."

"Sogea hapa."

Mama aliizima simu, akaiweka sakafuni, akakivutia kichwa cha binti yake begani.

"Sasa lia, mwanangu. Hospitali ilinipigia mimi kwanza. Namba yako waliipata kwangu."